Mbuzi wa Ngazini na Enanga ya Mzee Kamuhanda

Ninyi wawili mlipokuja hapa kwangu Kayanga Jumamosi ile na kompyuta yenu, mlinikuta nimejilaza kwenye mkeka, chupa ya maji ya moto mgongoni. Mliniamkia kwa adabu, mkakaa, mkafungua katuni yenu ya ng'ombe anayevuka daraja, mkaniuliza, "Bibi, unaionaje?" Nikawajibu, "Ng'ombe wenu hana uzito," nikafumba macho. Hamkubisha. Mlikunywa uji, mkaaga, mkapanda bodaboda mkarudi Mabira. Nilipoamka niliona aibu. Mtu ametoka Mabira na vumbi lote lile, halafu unampa maneno manne.

Basi nimechukua daftari. Nitaandika polepole, mgongo ukikataa nitaacha, ukikubali nitaendelea. Msitegemee mpangilio. Mambo ya kazi hayanijii kwa mstari. Yananijia kama watu wanaoingia msibani, mmoja mmoja, na anayekaa mbali ndiye anayefika mapema.

Kama wenzenu nao watasoma, wajue mimi ni Adelina, mzaliwa wa Muleba, mtoto wa mwalimu wa Kilutheri. Nilikuja Karagwe nikiwa msichana na kazi yangu ilikuwa moja tu mpaka nilipostaafu: kuendesha mashine ya sinema kwenye kituo kimoja cha elimu ya afya. Tulikuwa watu wawili na gari. Mwenzangu aliitwa Laurenti, Mkatoliki wa Bukoba, dereva na fundi, mtu mwenye maneno machache na kikohozi kirefu. Alipiga ishara ya msalaba kabla ya kila daraja. Mimi nilishuka kukagua mbao. Tulifika salama kila mara, na kila mmoja alijua ni kwa sababu yake.

Mashine yenyewe ilikuwa ya mikanda, ile ya magurudumu mawili, nzito kama mtoto wa darasa la saba asiyetaka kwenda shule. Niliibeba kwa mgongo huu huu. Hatukuonyesha usiku kama wanavyodhani wengi. Akina mama wa mashambani hawawezi kutoka usiku. Tulionyesha mchana, ndani ya darasa, madirisha yamezibwa kwa mablanketi na magunia ya kahawa, jenereta inanguruma nje nyuma ya choo. Kwanza katuni, halafu filamu ya choo, au ya maji ya kuchemsha, au ya chanjo. Hakuna aliyetembea kutoka bondeni kuja kutazama choo. Walikuja kwa ajili ya katuni, choo wakakivumilia.

Tulikuwa na katuni tisa. Nilizijua kama mtu anavyowajua ndugu wa mumewe: huyu mzuri, huyu msumbufu, huyu unamkaribisha kwa sababu hakuna mwingine. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya mbuzi mpaka rangi. Mbuzi amevaa ovaroli, amebeba ndoo ya rangi, anapanda ngazi ndefu kupaka ukuta wa nyumba. Kila akipiga brashi ngazi inateleza kidogo. Hasemi neno hata moja, mwanzo mpaka mwisho, kama dakika saba hivi. Mwishoni ndoo inampindukia.

Nilipoanza kazi nilidhani katuni ni katuni. Laurenti ndiye aliyenifungua macho, na hakutumia maneno mengi. Siku moja alinitoa nje juani na mikanda miwili. Akakunjua kipande cha ule wa mbuzi, akaniambia nitazame picha moja moja dhidi ya jua. Nikaona mbuzi kabla hajaruka anakunja magoti, tumbo linashuka, linatanuka pembeni. Picha inayofuata, magoti yamenyooka lakini ndevu bado ziko chini, zinachelewa. Picha mbili mbele, ndevu ndiyo zinafika. Kisha akakunjua mkanda wa pili, wa mbwa mwindaji. Mbwa anakimbia, miguu inazunguka, lakini mwili umekauka. Picha kumi za mwili zile zile kama muhuri.

"Unaona?" akaniuliza.

"Huyu mbwa amechorwa kivivu," nikasema.

"Si uvivu tu. Aliyemchora mbuzi amewahi kubeba ndoo. Aliyemchora mbwa ameiona ikibebwa."

Kisha akanirudisha darasani, akanikalisha nimeligeuzia mgongo shuka la kuonyeshea picha, akaendesha mkanda wa mbuzi. Akasema nimwambie mbuzi yuko ngazi ya ngapi. Nikamwambia. Tatu. Nne. Ameteleza, yuko ya tatu tena. Amesimama anafikiri. Sikukosea hata mara moja, kwa sababu kila mguu ulikuwa na noti yake ya muziki, na noti zilipanda naye na kushuka naye. Alipofanya vile vile na mkanda wa mbwa nilishindwa. Muziki ulikuwa mzuri, wa tarumbeta, ungeweza kuuchezea harusini, lakini haukumjua mbwa. Ulikuwa unapita njia yake.

Hilo ndilo nililotaka kuwaambia Jumamosi, kwamba ng'ombe wenu na wimbo wenu hawajuani. Lakini subirini, kuna jambo la maana zaidi, na lilitokea Nyakakika.

Mara yangu ya kwanza kuendesha mashine bila Laurenti kunisimamia ilikuwa Nyakakika, shuleni. Yeye alikuwa nje na jenereta. Niliingiza mkanda mwenyewe. Katika mashine zile, mkanda unapotoka kwenye taa ya picha kwenda kwenye taa ndogo inayosoma sauti lazima uuachie kitanzi cha kipimo maalumu. Mimi nilikiminya. Picha ilitokea, sauti ilitoka, watoto walicheka, nikajiona fundi.

Tulipomaliza, mzee mmoja kipofu alikuja kuniona, ameshika bega la mkewe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akasema, "Mwanangu, sauti ya mbuzi wako leo imetangulia miguu."

Nikatazama macho yake. Yalikuwa meupe kabisa, kama maziwa. Nikamwuliza, kwa upole, amejuaje.

"Kila mara nasikia kishindo, halafu nahesabu moja, halafu ndipo watoto wanacheka. Mwaka jana alipokuja Laurenti, kishindo na kicheko vilikuwa pamoja. Watoto hawajawa wazito. Kuna kitu umekikaza."

Laurenti aliyekuwa mlangoni aliingia, akatazama kitanzi changu, akakohoa. Hakunigombeza. Alikishusha kwa kidole upana wa kucha mbili, akaondoka.

Ndivyo nilivyomjua Mzee Kamuhanda. Upofu ulimpata ukubwani. Alikuwa mpiga enanga, na kwa kuwa ninyi vijana mmeiona tu kwenye maonyesho, niwaeleze: ni ubao uliochongwa kama hori dogo la ng'ombe, na uzi mmoja unazungushwa juu yake kwenda na kurudi, mpaka unapata nyuzi saba au nane. Unaiweka mapajani. Zamani walipigia habari za mashujaa. Mzee Kamuhanda alipigia watu wakipalilia, wakivuna, wakizika. Mkewe, Mama Leokadia, ndiye aliyekuwa macho yake. Kila tulipofika Nyakakika walikuwa wa kwanza kukaa. Watu walimtania: kipofu anafuata nini sinema? Yeye alisema anakuja kusikiliza picha.

Sasa nije kwenye ile siku.

Ulikuwa mwaka wa surua. Watoto kadhaa wa Nyakakika walikuwa wameshazikwa. Tulitumwa kukusanya akina mama shuleni, tuwaonyeshe katuni na filamu ya chanjo, na muuguzi angekuja kwa pikipiki kutoka upande mwingine na sanduku la baridi lenye dawa. Wengi waliokuja walikuwa vibarua wa shamba moja kubwa la kahawa, watu wenye asili ya Rwanda na Burundi, wanaolala kwenye mabanda ya shamba. Nyapara wao aliwapa ruhusa mpaka saa sita mchana. Anayechelewa, kesho asije.

Aliyekaa karibu na mashine yangu alikuwa mama mmoja mwembamba, Mama Vestina, na mtoto wa miezi kumi mgongoni. Nilimsalimia, nikamsifia mtoto. Akaniambia, bila kubadilisha sauti, kwamba Vestina mwenyewe amekufa mvua zilizopita, na huyu wa mgongoni ni mdogo wake. Nikamsogezea benchi.

Saa nne muuguzi hajafika. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha njia. Laurenti akasema tuanze, tuwashike watu. Nikawasha. Mbuzi akatokea, akainua ndoo, na wakati huo huo taa ya sauti ikaungua. Taa ya picha ilikuwa nzima. Mbuzi alipanda ngazi kimya kabisa.

Nilikwenda garini kuchukua taa ya akiba. Kisanduku cha vipuri hakikuwepo. Nikasimama pale, mkono umeshika mlango wa gari, nikakumbuka. Asubuhi wakati wa kupakia, nilikuwa na mkungu wa ndizi niliotaka kumpelekea rafiki yangu njiani. Nilikitoa kisanduku nikakiweka mezani kituoni ili mkungu upate nafasi. Nilisema nitakirudisha chini ya kiti. Sikukirudisha. Mkungu ulishafika kwa rafiki yangu.

Nilirudi darasani. Mwanzoni watoto walicheka cheka, lakini nilisikia kicheko kinapungua kama maji kwenye mchanga. Mjue, wanangu, picha ile ilikuwa nzuri sana, nzuri kuliko zote tulizokuwa nazo, na bado peke yake haikuweza kulishika darasa. Mchoro mzuri unaweza kukuonyesha uzito. Lakini ni sauti inayokuambia lini uogope na lini uache kuogopa. Bila sauti wale mama walimtazama mbuzi kama wanavyotazama mtu anayefanya kazi upande wa pili wa bonde. Mmoja alisimama akafunga kitenge. Wa pili akasimama. Mama Vestina alikwenda mpaka mlangoni, akapima jua kwa kiganja.

Nikamfuata. "Mama, muuguzi anakuja."

"Alikuja hata mwezi uliopita, wakasema dawa imepata joto," akasema. "Nikipoteza kibarua, huyu nitamlisha nini?"

Laurenti alinitazama, na alikuwa ameshaelewa kuhusu kisanduku. Hapo ndipo Mzee Kamuhanda aliposema kutoka benchi la mbele, "Adelina. Mbuzi bado anapanda?"

"Bado anapanda, mzee. Lakini sauti imekufa."

"Leokadia, nipe enanga."

Ilikuwa miguuni kwake. Alikuwa apige baadaye kwenye mavuno ya jirani. Akaiweka mapajani, akanivuta nikae nyuma yake. "Mimi simwoni," akasema. "Wewe unamwona. Nigongee miguu yake mgongoni. Mguu wa kulia, bega la kulia. Wa kushoto, la kushoto. Akipanda, gonga juu. Akishuka, gonga chini. Akisimama, acha."

Nilirudisha mkanda mwanzo, nikawasha, nikakaa nyuma yake kama mtoto anayesuka nywele za bibi. Nikaanza kumgonga. Kulia, kushoto, kulia. Mwanzoni ilikuwa fujo. Niligonga kwa kuchelewa, yeye akapiga kwa kuchelewa zaidi, na mbuzi alikuwa ameshapita. Kuna mtu alicheka, lakini alitucheka sisi. Mgongo wa mzee ulikuwa mgumu, wa mtu aliyelima, na nilihisi kila nikikosea misuli inakaza.

"Usimfuate," akaniambia bila kugeuka. "Mtangulie kidogo. Tazama magoti."

Nikakumbuka yale magoti yanayokunjwa kabla ya kuruka. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya mchoraji mzuri. Yule mtu, ambaye simjui, wa nchi nisiyoijua, alikuwa amenichorea onyo. Kabla ya kila tendo mwili wa mbuzi ulijiandaa, nami nilipata nafasi ya kugonga. Kama ingekuwa mbwa mwindaji, tungekwama. Mbwa yule hakuandaa kitu. Alikuwa hapa, kisha pale.

Mara ya pili tuliyoendesha mkanda, miguu na nyuzi vilikutana. Sijui niwaelezeje. Hadi leo nikikumbuka mikono yangu inajua lakini kinywa hakijui. Mbuzi alikanyaga kipandio cha tatu na uzi wa tatu ukalia palepale, na darasa zima likatoa sauti, si kicheko bado, ile sauti ya mtu anayeketi vizuri. Wale waliosimama walikaa. Mama Vestina alikuwa mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Tuliurudia mkanda huo mara tano. Kila nilipokuwa nauzungusha kuurudisha, Mzee Kamuhanda aliendelea kupiga taratibu ili watu wasipoe. Mara ya tatu alianza kuongeza mambo yake: ngazi inapoteleza alikwaruza nyuzi zote kwa ukucha. Watoto waliokaa chini walianza kuteleza nao. Mara ya nne, mbuzi akiwa juu kabisa, ndoo inaanza kuinama, nikamgonga mabega yote mawili kwa pamoja. Hakupiga. Nikagonga tena. Kimya. Nikadhani amechoka, au anaumwa. Darasa lote lilikuwa limeshika pumzi; nilisikia jenereta nje, nilisikia mtoto ananyonya. Ndoo ikapinduka, rangi ikamfunika mbuzi, na ndipo akapiga uzi mmoja, ule mnene, mara moja tu.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile tangu nizaliwe. Mama Vestina alikuwa ameingia mzima. Alijiziba mdomo kwa kitenge, mabega yakitikisika, na mtoto mgongoni anatikisika naye.

Baadaye nilimwuliza mzee kwa nini hakupiga nilipogonga. Akasema, "Wewe ulikuwa unanipa miguu. Mimi nilikuwa nasikiliza watu. Walishika pumzi. Ningepiga pale, ningewapunguzia."

Nyapara alikuja saa sita kamili na fimbo yake kuwaita. Alisimama nyuma kwenye giza, tukiwa tunaendesha mara ya tano. Nilimsikia anamwuliza jirani yake, "Sasa huyo atashukaje?" Hakuita mtu mpaka ndoo ilipopinduka. Muuguzi aliingia wakati huo, matope mpaka magotini, sanduku limefungwa kwa mpira kifuani. Alikuwa ameiacha pikipiki njiani akatembea. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mama Vestina. Filamu ya chanjo hatukuionyesha kabisa.

Tukirudi, Laurenti aliendesha mpaka tukaiona Kayanga kabla hajafungua mdomo. Kisha akauliza, "Ule mkungu ulikuwa mtamu?" Hakulitaja tena mpaka anakufa. Ningependa angenigombeza.

Sasa sikilizeni sehemu nisiyopenda.

Miaka ilipita, zikaja diski. Ofisi ikaniomba maoni kwa maandishi: tuendelee na mikanda, au tuhamie diski? Niliandika kwamba diski zinafaa, ni nyepesi, na moja ina katuni nyingi. Yote kweli. Lakini sababu yangu hasa ilikuwa mgongo. Nilikuwa nimechoka kubeba. Sikuwaza mbuzi, niliwaza ngazi za shule.

Tulizionyesha mara ya kwanza Ihanda. Katuni zilikuwa za rangi kali, nyingi, za haraka haraka. Lakini vinywa tu ndivyo vilivyokuwa vinacheza. Mtu amesimama, mwili umekufa, kinywa kinafunguka na kufunga, na nyuma yake mti ule ule unapita, unapita tena. Na waliongea, waliongea, kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua pale. Mbuzi wetu hakuwa na lugha, ndiyo maana Mnyambo wa hapa Karagwe, Mhaya, Mnyarwanda na Mrundi walimcheka siku moja, dakika moja. Watoto wa Ihanda walikaa kimya wakatazama mpaka mwisho. Sitawadanganya kwamba waliondoka. Walitazama kama mtu anavyotazama mvua.

Mzee Kamuhanda alikuwepo. Binti yake ameolewa Ihanda, walikuwa wamekuja kumwona mjukuu. Alisikiliza kwa muda, kisha akaniita.

"Huyu hatembei," akasema. "Anasimuliwa kwamba ametembea."

"Na muziki, mzee?"

Alifikiri. "Muziki unaogopa. Hauthubutu kunyamaza."

Akamwomba mkewe waende zao. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye niliyeandika ile barua, lakini bodaboda ilifika, nikamsaidia kupanda, nikamshikiza mikono kiunoni kwa dereva, mkewe akapanda nyuma yake. Sikumwona tena.

Mikanda ilitupwa shimoni nyuma ya kituo pamoja na vitu vingine vibovu. Karatasi ya kuruhusu vitupwe ina sahihi yangu. Watu waliiokota. Msimu mmoja nilipita Ihanda kwa mguu nikaona nyanya zimefungwa kwenye miti kwa kamba nyeusi inayong'aa. Nikaishika, nikaiinua juani. Mbuzi alikuwa kipandio cha pili, ndevu bado ziko chini. Mwenye shamba, mama mmoja mchangamfu, akanisogelea.

"Kamba hizo nzuri sana, dada," akasema. "Haziozi."

Nikamwambia ni kweli.

Na kuna hili, nalo ndilo linaloniamsha. Siku ile ya Nyakakika, ndani ya gari kulikuwa na redio ya kaseti inayorekodi. Kanda tupu zilikuwepo mbili. Laurenti alizitumia kurekodi mpira ili ausikilize tena. Hakuna hata mmoja wetu, mimi wala yeye, aliyefikiri kuichukua redio ile na kuiweka kwenye benchi. Tulikuwa na mambo mengi. Tulidhani mzee atakuwepo tu, kama kilima.

Kwa hiyo, kuhusu ng'ombe wenu. Nendeni darajani na ng'ombe wa kweli, na mkae hapo asubuhi nzima. Mtaona kwamba hakanyagi mbao mara moja. Ananusa. Anaweka mguu wa mbele, anaurudisha. Mgongo unashuka kidogo upande wenye uzito. Mguu wa nyuma ndio mwoga zaidi. Chora hilo. Ukishachora, itazame bila sauti, peke yako, na usijihurumie. Kisha zima picha, usikilize sauti tupu, umwulize mtu asiyejua: ng'ombe yuko wapi sasa? Akishindwa kujibu, wimbo wako haumjui ng'ombe, hata kama ni mzuri kiasi gani. Na pale anapotaka kukanyaga ubao mbovu, ondoeni muziki. Najua itawauma, mmeutafuta wimbo ule kwa siku nyingi. Uondoeni.

Kompyuta yenu inaweza kufanya kwa saa moja kazi ambayo yule mchoraji wa mbuzi aliifanya kwa miezi. Siwaonei wivu. Nawaonea huruma kidogo, kwa sababu mnaweza kumaliza kabla hamjatazama.

Mwaka jana nilikwenda Nyakakika kumwona Mama Leokadia. Nilikuwa nimesikia kwamba naye sasa macho yamepungua. Mzee alikwishazikwa siku nyingi. Wakati ule nilikuwa nimelazwa hospitalini, sikuhudhuria. Mama Leokadia alinipokea kwa kahawa ya kutafuna, tukakaa kwenye baraza, tukahesabu waliokufa kama wanavyofanya wazee. Enanga ilikuwa imetundikwa ukutani, nyuzi zimelegea. Watoto hawakuitaka.

Akaniambia kwamba Mama Vestina bado yupo, anapanga nyumba karibu na soko, na yule mtoto wa mgongoni ni dereva wa lori. Nikafurahi kusikia. Kisha akasema, "Adelina, wewe ulikuwa nyuma yake siku ile. Hebu niimbie alivyopiga. Mimi nimejaribu, inanipotea."

Nilijaribu. Nilifumba macho, nikagonga goti langu kulia na kushoto. Nilipata vipandio vitatu vya mwanzo, au nilidhani nimevipata, kisha zikaniingilia nyimbo nyingine, za kanisani, za redioni. Nikaacha.

"Imenitoka, mama," nikamwambia. "Nakumbuka tu pale aliponyamaza."

Mama Leokadia alitafuta mkono wangu, akaushika.

"Basi tuanzie hapo," akasema.

Tukakaa kimya. Barabarani watu walikuwa wanatoka mnadani na baiskeli zao, na hakuna aliyetusemesha.